Miwaya, Neno Tulilolichezea Makambako

Enzi zetu Makambako, kabla watoto hawajajua kucheza wakiwa wamekaa, tulicheza rede barabarani mpaka vumbi likatuingia puani. Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kumwagika. Maduka yaliyokuwa yakiuza kiberiti na maneno matupu yakajaa sabuni za kunukia, na malori ya Tunduma na Songea yakawa yanajipanga barabarani kama ng'ombe mnadani. Asubuhi za Juni tulikwenda shule pekupeku, tunakanyaga sakitu nyeupe kwenye nyasi, na viazi vya kuchoma mfukoni. Kazi ya kwanza ya kiazi ilikuwa kupasha mikono moto, kuliwa kulifuata baadaye. Vijana wa leo wana soksi, wana sweta, na bado wanataka bodaboda iwafuate mlangoni.

Miaka hiyohiyo likaingia neno "miwaya". Kila mtu alidai ni la kwao. Mautingo wa malori walisema wamelitoa mpakani. Mafundi waliokuwa wakisimika nguzo za umeme walisema ni lao, kwa sababu aliyekanyaga waya ulioanguka haulizwi anaendeleaje. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisema ni lugha ya wahuni, na viboko vyake havikulizuia kuenea. Sisi watoto tulilitumia tulivyotaka. Aliyekamatwa na mwalimu wa zamu kakanyaga miwaya. Aliyepigwa mpira kwenye rede kakanyaga miwaya. Hata aliyenunuliwa suruali ya mtumba, ikakutwa imetoboka makalioni, tulimwimbia hivyo hivyo mpaka alie.

Lakini wakubwa waliposhusha sauti, wakamtazama mtu aliyekonda akipita, wakasema "yule kakanyaga miwaya," hakuna aliyecheka. Ulikuwa UKIMWI. Jina lake halisi lilisikika redioni tu, mitaani lilikuwa kama tusi.

Kisha Baba mkubwa, kaka yake baba, akaanza kukonda. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, akizitoa Matembwe na kuzipeleka Dar es Salaam, mtu wa kicheko kikubwa na koti zito la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Nyumbani kwetu, ambako majirani wote walishapewa miwaya yao, neno likafa ghafla. Tukaambiwa karogwa na wenzake wa mbao. Siku ya mazishi, historia ya marehemu ilisema aliugua kwa muda mrefu, basi. Nilipotaka kuuliza, mama alinikata: "Funga mdomo. Marehemu hasemwi."

Mwaka ulipotimia ukoo ukakusanyika kwa babu, Matembwe. Ukoo wetu ulikuwa na desturi ya koti. Msiba ukimalizwa, mjane hushika koti la marehemu na kulivika mabegani mwa ndugu wa mumewe, na tangu hapo huyo ndiye mume wake na baba wa watoto. Kanisa lilikataza, nasi tulikuwa Walutheri wa kukaa viti vya mbele, lakini mchungaji hakualikwa siku hiyo. Na ndugu wa kiume aliyebaki alikuwa mmoja, baba yangu.

Tuliketi wote uani, juani, ulanzi, pombe ya mianzi, ukizunguka. Mama alikuwa kwenye mkeka, macho chini. Tangu siku hiyo ilipotangazwa hakuwa akila vizuri. Alijua. Baba naye alijua, babu alijua, na shangazi zangu waliokuwa hodari wa kuwapangia wengine vifo walijua pia. Ila kukataa lile koti kungekuwa kutangaza kwamba Baba mkubwa amekufa kifo cha aibu. Baba akainama, akaweka mabega tayari. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuyaona mabega yale.

Mama mkubwa, mjane wa Baba mkubwa, alisimama na koti mkononi, hasogei.

"Mvike, mwanangu," babu akamwambia. "Mji haukai bila mwanaume."

"Siwezi, baba. Mume wangu kafa kwa UKIMWI, na mimi ninao. Nikimvika huyu mtamzika, na mkewe mtamzika. Hawa watoto mtawagawana?"

Kisha akalivaa koti lile yeye mwenyewe, mikono ikamfunika hadi vidole, akaketi.

Ungedhani alishukuriwa. Shangazi walipiga mayowe kwamba kamvua nguo marehemu. Babu akaamuru nyumba aliyoachiwa na mumewe Makambako ichukuliwe na ukoo, Mama mkubwa akapewa kibanda nyuma ya zizi hukohuko Matembwe, na chakula akawa anawekewa mlangoni kama mbwa. Baba, aliyeokolewa, hakufungua kinywa. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akipanda gari la mbao kwenda kumwogesha, na kila aliporudi hakusema na baba kwa siku kadhaa. Mama mkubwa alikufa wakati wa fyulisi, miti yote ya uani ikiwa imelemewa na matunda, na walioogopa sahani yake wakayachuma na kula.

Leo wapwa zangu wakisikia nikisema miwaya wanacheka, wananiambia shangazi hilo neno la kizee. Wana maneno yao, yanabadilika kila wiki. Pale Makambako nawaona wanawake wanameza kidonge, wanafunga kanga, wanakwenda kufungua vibanda vyao sokoni, wanasomesha watoto. Ninafurahi kwa ajili yao, na roho inaniuma hapohapo. Dawa hizi zingewahi kidogo tu, Mama mkubwa naye angekuwa bibi mwenye maneno mengi.

Baba bado yupo. Kutwa anaota jua Njombe, walikohamia, wajukuu wanampanda mgongoni. Juzijuzi mmoja wao aliiona picha ukutani, akamuuliza huyu mama ni nani.

"Mke wa kaka yangu," baba akajibu, kisha akaanza kulia mbele ya watoto, kilio cha mtu mzima, kibaya kukisikia. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage. Hakumbembeleza.