Dirisha la Kuonea Njia

Nyumba yetu ya Maneromango ilikuwa ya miti na udongo, kaijenga baba kwa mikono yake, na chumba cha mama hakikuwa na dirisha hata la kupitisha kichwa. Alipokuwa mzima hakuna aliyejali. Kisha miguu ikamvimba, kifua kikambana, akawa mtu wa kitandani. Siku moja akasema, "Baba watoto, nitobolee ukuta."

Baba akakubali, akasema atatoboa ubavuni, upande wa mihogo.

"Mihogo nimeilima miaka yote, leo niitazame ya nini? Mimi nataka njia."

Njia ilipita mbele ya nyumba. Kwa njia hiyo kaka yangu alichukuliwa uaskari, akapelekwa vitani Bama, ng'ambo, kupigana na Wajapani. Vita vilikuwa vimekwisha, wenzake wanarudi mmoja mmoja, yeye bado. Mama alitaka kumwona akija. Hata dawa hakuitaka tena, ila hilo tu.

Baba alishika kichwa. Ukuta wa mbele ndio uliobeba paa, na nguzo yake ya katikati ilikuwa palepale alipopataka mama.

"Unataka nyumba itulalie?"

"Itulalie, lakini nimeona!"

Ungebishana naye wewe? Baba aliegemeza paa kwa miti miwili minene, akabomoa udongo kwa jembe, akakata fito kwa panga. Alipotia msumeno kwenye nguzo, paa likalia, makuti yakamwaga vumbi, nami nikatoka nduki nikipiga mayowe. Mama kalala palepale, kajifunika kanga usoni, anacheka! Baba akalaza gogo la mkongo juu ya tundu ili libebe uzito wa paa, akaondoa miti polepole. Nyumba ikasimama.

"Juu mno," mama akasema. "Nikilala naona mawingu tu."

Baba akakata tena kwenda chini, mpaka usawa wa kitanda. Majirani walitucheka, eti tumemjengea mgonjwa mlango wa kuku. Na kweli kuku waliingia, na mbuzi mmoja aliwahi kuruka mpaka miguuni kwa mama.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji, akausukuma mkono wangu. "Yule! Mwendo ule ni wa mwanangu!"

Alikuwa yeye, sanduku begani, amekonda. Akapaza sauti kutoka njiani, "Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba. Njoo." Akatoa mkono nje ya dirisha.

Kaka akatupa sanduku, akakimbilia mlangoni. Shangazi zangu, waliokuja kumuuguza mama, wakamzuia mbele ya mlango. Kwetu aliyetoka vitani haingii nyumbani na damu ya watu. Huzungushwa uani, akaoshwa kwa maji ya majani, ndipo aingie. Wakamshika mikono, huyoo, wakamzungusha. Hakuna aliyewazuia, hata baba.

Tukasikia maji yakimwagwa uani.

"Mbona haji?" mama akauliza.

"Anaoshwa, mama."

"Waambie wafanye haraka."

Nikaita, wakajibu bado kidogo. Nilipogeuka, mkono wa mama ulikuwa bado nje, lakini macho yalikuwa hayatazami kitu. Kaka aliingia akichuruzika maji, akapiga magoti, akaushika. Jamani, sijasikia tena mwanamume akilia vile. Shangazi zangu sikuwasalimia kwa muda mrefu, na sijuti.

Baada ya mazishi tulimkuta baba amesimama nje, mbele ya lile dirisha. Tukadhani anakagua gogo. Akanyanyua mguu mmoja, akauvusha. Akavusha wa pili. Akawa ndani, kando ya kitanda kitupu, bila hata kuinamisha kichwa.

"Walimzuilia mlango," alisema. "Hapa angepita."