Nilivyohamishwa Golini

Nilicheza winga ya kushoto katika timu ya wanawake ya mtaa wetu wa Musonoi mpaka pumu iliponizidi. Uwanja wetu uko kando ya barabara ya malori ya mgodi, na wakati wa kiangazi vumbi hupanda hadi hatuonani. Kocha wetu, ambaye sote tulimwita Tata, yaani baba, alinihamisha golini.

"Ku goli hautakimbia sana," aliniambia.

Nilikubali, ingawa nilipofika nyumbani nililia. Msimu ule nilidaka vizuri. Mpira ukiwa upande wa pili, nilijifunika pua kwa kitambaa kilicholowa maji.

Siku tuliyocheza na wageni kutoka Dilolo, malori yalipita mfululizo. Kipindi cha pili kifua kikanibana kabisa. Nilivuta pompi yangu ya dawa ya pumu, haikutoa kitu; dawa ilikuwa imeisha. Mpira ulikuja taratibu tu, ukapita kando yangu nikiwa nimepiga magoti. Wenzangu walinipakia kwenye pikipiki wakanikimbiza hospitali.

Kesho yake Tata alikuja, akaketi kando ya kitanda changu.

"Mutoto yangu, mi siwezi kukuzika juu ya mupira."

"Nitapona, Tata."

"Hapa Musonoi? Na hii vumbi?"

Baba yangu mzazi anafanya kazi mgodini, na hatuna pengine pa kuhamia. Siku hizi nafua jezi za timu, na hata kuzikamua kunanimaliza pumzi.