Katikati Yetu Ni Maji

Kila aliyetushauri mwaka ule alitupa shauri lile lile: tafuteni nyumba katikati. Watu hupenda sana kutoa shauri la nyumba ambayo si wao watakaolala ndani yake. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto. Mume wangu na kaka yake walikuwa na duka la jumla karibu na soko kuu, ng'ambo ya kulia: chumvi, sabuni, sukari, mafuta. Kazi yangu huku, kazi yake kule, na katikati yetu ni Mto Kongo. Aliyetaka tukae katikati angetununulia kwanza mtumbwi wenye paa.

Tulipooana tulipanga Kabondo, upande wa duka. Hakuna aliyeuliza nitafikaje kazini, hata mimi mwenyewe sikuuliza. Mke huenda kwa mume, basi. Tena mimi ni mtoto wa mto, wazazi wangu ni wa Yanonge, nilipanda mtumbwi kabla sijajua kutembea. Maji hayakunitisha. Kilichonichosha ni kungoja. Alfajiri napanda toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, hadi kivukoni. Pale mwenye mtumbwi wa injini haondoki mpaka ujae, na abiria wa mwisho wa kuujaza siku zote anakuja na mbuzi asiyetaka kupanda. Au kuna ukungu: injini unaisikia mahali fulani juu ya maji lakini huioni, na hakuna anayethubutu kuondoka. Nikifika shuleni, bendera imeshapandishwa na wanafunzi wangu wamekaa darasani bila mtu.

Mkuu wa shule ni mtu wa adabu, hakunifokea hata mara moja. Alikuwa ananingoja mlangoni, anavua miwani, anaifuta.

"Madame," akaniambia siku moja, "batoto ya sixième iko na examen mwisho wa mwaka. Banakungoja kila asubui. Mpaka lini?"

Adabu yake iliniumiza kuliko makelele.

Mwaka wa pili tukapata mtoto. Sasa tukawa wawili tunaovuka, yeye yuko mgongoni, tumejifunika plastiki mvua ikinyesha. Nikifika namwacha kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea na anayeishi karibu kabisa na shule. Sisi tunamwita tantine. Jioni namchukua tunarudi. Siku moja dhoruba ikatukuta tumeshafika mbali na ukingo. Mwendeshaji akazima injini, akatuambia tulale chini, na mtoto akalia mpaka sauti ikamwisha. Tulipofika, mume wangu alikuwa amesimama kivukoni, maji yanamchuruzika, mikono kichwani kama mtu aliyefiwa.

Baada ya hapo ndugu wakaanza. Upande wake na upande wangu, kwa mara ya kwanza tangu harusi, walikubaliana: niache kazi. Duka linalisha nyumba, mshahara wa mwalimu mnajua wenyewe ulivyo. Nilipenda kazi yangu na sioni haya kulisema. Naipenda ile dakika mtoto aliyekuwa analia kwa sehemu na desimali anapoacha kulia na kuanza kumcheka mwenzake ambaye bado hajaelewa. Nilijua pia kwamba nikiiacha nitakuwa mke mwenye hasira maisha yote, na hasira ninazo za kutosha hata bila sababu.

Mume wangu hakusema niache. Hakusema nisiache pia. Alimtafuta komisionere, dalali wa nyumba, na Jumapili moja baada ya misa tukazungushwa mji mzima. Dalali yule alikuwa na kalamu sikioni na uhakika mwingi. Akatupeleka hadi nyumba moja kule Tshopo, kaskazini kabisa, karibu na daraja la Mto Tshopo, mto wa pili wa mji wetu.

"Madame, hapa iko katikati kabisa," akasema.

"Katikati ya nini na nini?"

"Ya mji."

"Papa, sasa tutavuka mito miwili?"

Mume wangu akacheka peke yake njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kichwani miezi iliyobaki kabla sijaandika barua ya kuacha kazi.

Wiki ile ile, tukiwa tunakula, akasema bila kuinua macho, "Tuende tukae ngambo. Mimi ndiye nitakuwa navuka."

Hapa lazima nieleze mume wangu ni nani. Yeye ametoka milima ya Kivu ya Kaskazini. Alikozaliwa, mto ni kitu cha kuruka ukiwa na mzigo kichwani. Siku ya posa, alipovuka kuja kwa tantine, alishika ubao wa mtumbwi kwa mikono miwili, akasali Salamu Maria kwa sauti, na wajomba zangu waliomwona akishuka waliizungumza habari hiyo mwezi mzima. Hajui kuogelea. Hata kuoga anapendelea ndoo.

"Wewe?" nikamwambia. "Na ile woga yako?"

"Woga itazoea," akajibu, akaendelea kula.

Kaka yake alipoambiwa alikuja juu. Mtu mzima, mwenye duka, anahamia upande wa mke wake? Na wateja wa njia ya Bafwasende, wanaofika na pikipiki zao alfajiri kutaka mzigo, watamngoja nani? "Donc mimi nitafungua kila siku, wewe utafika kama mugeni?" Alinung'unika siku tatu. Ya nne akasema, "Bon, nitafungua." Na mpaka leo anafungua, na mpaka leo ananung'unika, na kila nikikutana naye namshukuru, naye anajifanya hasikii.

Tantine ndiye aliyenitia wasiwasi. Nilikwenda kwake na furaha yangu yote, nikidhani ataimba. Alikuwa anachambua mboga. Akaniangalia kwa huruma.

"Mutoto, sikia. Mwanaume akihama juu ya mwanamuke, iko naweka mu roho. Leo hatasema. Siku mutagombana, ataitoa."

Maneno yale yaliniingia na yakakaa. Tantine amezika waume wawili na kusuluhisha ndoa za nusu ya mtaa. Si mtu wa kubahatisha.

Tulihama siku ya Jumamosi. Binamu zangu walipanda mto na mtumbwi wao mkubwa kutoka Yanonge, wakapakia godoro, viti, masufuria na kabati. Kabati lilikataa kulala, ikabidi lisimame, na mume wangu akalikumbatia kutoka ukingo hadi ukingo. Sijui nani alikuwa anamshika mwenzake. Akina mama wa samaki waliokuwa kivukoni walimpigia makofi aliposhuka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini yeye aliyaingia amevaa zote, viatu na saa.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake kulikuwa na mahali pa kupanda mihogo. Mimi nilitembea kwa miguu hadi shuleni. Wanafunzi wa kwanza kufika walinikuta nimeshaandika ubaoni. Mtoto alishinda kwa tantine, saa ya mapumziko nilikwenda kumnyonyesha nikarudi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kufika kazini bila kuchoka. Nilimshukuru Mungu kila asubuhi nikiwa njiani, kwa sauti, watu wakanizoea.

Yeye alinunua gile, lile koti la kuelea majini, ya rangi ya machungwa, akawa anaivaa tangu mlangoni kwetu. Abiria wenzake walimuuliza kama analala nayo pia. Alirudi jioni suruali imelowa hadi magoti. Kabondo umeme ulikuwa unakuja siku ukipenda wenyewe. Lubunga hauji kabisa, na yeye ni mtu wa kutazama mpira. Sasa matokeo ya mechi aliyapata sokoni kesho yake, kwa midomo ya watu, wakati mwingine matokeo matatu tofauti ya mechi moja.

Na mimi nikawa nangoja lile neno alilolitabiri tantine. Kila alipochelewa, kila alipopiga chafya, nilitazama uso wake: je, ni leo? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye ni mtu wa kimya kingi. Nikawa mke mpole kupita kiasi. Maji yake ya kuoga yalikuwa moto kabla hajafika. Sikumwomba chochote cha ziada, sikumuuliza alikuwa wapi. Upole haunikai vizuri, unanibana kama nguo ya kuazima, na mtu yeyote anayenijua angegundua. Yeye aliniuliza mara moja tu kama nina malaria.

Upole ule ulikatika siku ya proklamasioni, siku ya mwisho wa mwaka wa shule ambapo matokeo yanasomwa mbele ya wazazi. Darasa langu lilikuwa limefaulu vizuri kuliko miaka yote niliyofundisha. Mume wangu aliahidi kuja. Nilimwekea kiti mbele, nikakaa nakitazama. Wazazi walinivika kitambaa kipya mabegani, wakaimba, mkuu wa shule akavua miwani akaifuta kwa sababu nyingine safari hii, na kile kiti kikawa kitupu mpaka mwisho. Alifika uwanja unafagiwa, gile kifuani, akihema.

Tulipofika nyumbani nikamwaga yote. Nilimwambia duka ndilo mke wake. Nilimwambia ningekuwa gunia la chumvi angefika mapema. Na yeye, kwa mara ya kwanza, akapandisha sauti:

"Moteur ilizimika katikati ya mayi! Mimi ndiye niliizima?"

"Ungevuka asubui!"

"Ningejua itazimika, ningevuka jana!"

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, suruali imelowa, bado amevaa gile. Nikaona lile neno linakuja. Miezi yote ile nilikuwa nalingoja, na nikaona ni heri nilipokee sasa kuliko kuendelea kulingoja.

"Sema," nikamwambia. "Sema tu ile neno."

"Neno gani?"

"Ile yenye uko naweka mu roho. Unazani sijui? Itoe leo, tumalize."

Akakaa kwenye kiti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Nani alikuambia?" akauliza polepole.

"Hakuna. Najua."

Akafungua gile, akaiweka magotini, akawa anachezea mkanda wake.

"Bon," akasema. "Sikutaka kukuumiza, mama. Ni lituma. Siipendi. Haipite mu koo. Tangu tulioana."

Lituma ni ndizi tunazopika na kuziponda, chakula cha mji wetu, ambacho nilikuwa namwandalia kila Jumapili kwa fahari nikimwongezea pale anapomaliza. Nikamwuliza kama kuna kingine. Akafikiri kwa dhati, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Akasema hapana, ni hiyo tu. Alikuwa amepekua moyo wake wote, na mle ndani, kati ya mto na dhoruba na mechi na kucheka kwa watu, alichokuta ni lituma.

Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio, nikakaa chini sakafuni na kitambaa changu kipya. Nilitaka tu kumwambia ahsante. Yeye alishtuka, akaja akachuchumaa mbele yangu na suruali yake iliyolowa, akanishika bega.

"Basi, mama, usilie," akasema. "Nitakula."