Upepo wa Matairi

Nikisikia harufu ya petroli iliyodondokea mchanga wa moto, miguu yangu haitulii. Nilikuwa binti wa darasa la saba, ufukweni Matema. Mjomba, aliyekuwa akivusha vitenge kutoka Malawi, aliniahidi kwamba siku hiyo nitaendesha pikipiki yake. Nilikuwa nimeshapanda, kumbe yeye amechuchumaa anatoa upepo kwenye matairi.

“Mjomba, unaiharibu!”

“Tairi likijaa, mchanga unalimeza. Hebu tulia.”

Nitulie vipi? Mama alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye migomba, nami nilijua anakuja kunishusha. Alifika akihema. Akavua kitenge chake cha juu, akanifunga nacho kiunoni, akaikaza sketi isije ikanaswa na cheni.

“Haya, nenda,” akasema, “kabla baba yako hajatoka kanisani.”