Siku Goti Langu Lilipohama

Acheni nianze kwa kukiri: niliaibika mbele ya watu, na aibu hiyo niliitafuta mwenyewe.

Kwenye mkutano wa mutuelle ya afya ya komini yetu hapa Kalemie, kando ya ziwa (kila nyumba inachanga, mgonjwa anatibiwa kwa kadi), Mama Feza, muuza ndagala, wale samaki wadogo, alitaka ugonjwa wa akili utibiwe kwa kadi ileile, sawa na malaria. Kura tunapiga kwa kusimama: wanaokubali dirishani, wanaokataa mlangoni. Mimi, mstaafu wa reli niliyesoma hadi kumaliza sekondari, nilikimbilia mlangoni na kupaza sauti, "Wendawazimu wapelekwe kwenye maombi!"

"Papa Mulongo," akauliza Mama Feza, "kichwa chako kiko inje ya mwili?"

Watu wakacheka, wakahamia dirishani, akashinda.

Kisha mke wangu akafariki. Usingizi ukanikimbia, ugali ukawa kama mchanga mdomoni, nikaanza kuzungumza na kiti chake, hata nikaona wazi kwamba nisipotibiwa nitamfuata. Nikaenda kituo cha afya. Lakini pale karani wa kadi huuliza ugonjwa kwa sauti, benchi zima linasikia, na kwenye benchi hilo alikaa nani kama si Mama Feza na kikapu chake! Nikasema, "Goti." Neno hilo moja tu.

Nikachechemea hadi benchini, wakanipisha, mama mmoja akanifundisha kulikanda kwa mafuta ya mawese, nikaitikia kama mgonjwa kweli, walipoita "Papa wa goti!" nikainuka haraka, nikachechemea (kwa mguu mwingine).

"Ee, Papa," akasema Mama Feza, "goti limehama?"

Benchi likaangua kicheko hadi munganga wa kituo akatoka chumbani mwake kuchungulia. Nami nikacheka, nikazidi kucheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio kikakataa kukoma, mzee wa miaka sabini na miwili, kamasi kwenye ndevu.

Nilingoja anikumbushe ule mlango. Ilikuwa haki yake. Badala yake alifungua kitenge chake cha juu, akakishika mbele yangu kama pazia, akawageukia wenzake: "Mumemaliza kucheka? Basi muangalie ziwa." Akaichukua kadi yangu mkononi mwangu, akaiweka tena mezani kwa karani. "Andika upya. Huyu muntu halali usingizi, macho yake yanaonyesha, bibi yake alikufa. Kadi njo hii hii."

Karani akaandika bila kuinua macho, kama anavyoandika malaria.

Siku hizi natibiwa, na usingizi umerudi. Kwenye mkutano uliofuata nilisimama dirishani (peke yangu, hapakuwa na kura siku hiyo), nikaeleza yote, nikamwomba Mama Feza msamaha.

"Ikala, Papa," akasema akinionyesha kiti, "utachosha magoti yote mawili."

Sijui kama ningeweza kuwa na moyo kama wake. Ninaloweza ni hili: nikifika kwa karani, nasema kwa sauti inayofika mwisho wa benchi kwamba nimekuja kwa ajili ya kichwa. Magoti ni mazima.