Ada Yako na Mkungu wa Mnadani

Mwanangu Elifuraha,

Usinicheke kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea kuchomelea vyuma kuliko kushika kalamu. Nikikosea herufi, rekebisha kimya kimya. Wala usiseme baba bado kijana, anajifanya mzee. Kwa mtoto wake kila mzazi ni mzee.

Nakumbuka siku moja, ukiwa darasa la tatu, bosi wetu wa gereji pale Themi aliniita akasema, "Baba Eli, miaka sita hujachelewa hata siku moja. Kuanzia muhula huu gereji itamlipia mwanao ada." Nilipanda nyumbani kama mtu mwenye mabawa. Jumapili nikapeleka jogoo kanisani kwa shukrani, akauzwa mnadani baada ya ibada, na mtaa mzima ukajua.

Mwisho wa mwezi mshahara ukaja pungufu. Makato ya kodi yalikuwa yamepanda. Badala ya kuuliza, nikanuna. Aibu yangu unaijua, hata salamu huwa naitoa kwa sauti ya chini. Fundi Lomayani, ambaye hakosi neno, akacheka mbele ya wote: "Wamekupa kwa mkono wa kulia, wakachukua kwa wa kushoto! Jogoo wako ameliwa bure!"

Likanichoma. Nikaamini kwamba mhasibu wetu, dada Rehema, ananiibia. Nikakaa siku mbili nikiandika barua ya mistari minne: asanteni, mwanangu asilipiwe tena. Bila ada ile ungetoka shuleni, maana peke yangu nisingeiweza. Nililijua hilo, na bado niliandika. Hasira hasara.

Kabla ya kuipeleka nilipita kwa babu yako, nikamkuta anachuma kahawa. Nikamweleza habari za mshahara na mhasibu, naye akaisoma barua hadi mwisho.

"Huyo mhasibu alikujibu nini?"

"Sijamuuliza, baba. Naona aibu."

"Kumwita mwizi moyoni huoni aibu, kumuuliza ndiyo unaona?"

Akaendelea kuchuma, kisha akasema, "Unakumbuka mama mchungaji aliponinunulia mkungu wa ndizi mnadani, akanipa? Sikutoa senti. Lakini nani aliupandisha mlima hadi hapa?"

"Wewe, baba."

"Mgongo uliniuma siku mbili. Sasa ningeuacha kanisani?" Akanirudishia barua. "Kaulize kwanza. Mficha uchi hazai."

Asubuhi nikagonga mlango wa dada Rehema, nikamuuliza. "Karibu, kaka! Mbona umechelewa kuuliza?" Akanieleza pole pole. Kwa sheria, ada ambayo mwajiri anamlipia mtoto wa mfanyakazi huhesabiwa kuwa pato la mfanyakazi, hata kama fedha zimekwenda moja kwa moja shuleni. "Ni kama ulipewa mkononi, ukaenda kulipa mwenyewe," alisema. Hakuna aliyeniibia. Na makato yale yalikuwa madogo mbele ya ada yenyewe. Yaliniumiza kwa sababu ada ya muhula mzima iliingia kwenye hesabu ya mwezi mmoja.

Mdomo ukiisha kufunguka, mwanangu, haufungiki. Nikauliza tena: ada haiwezi kulipwa kidogo kidogo kila mwezi? Akampelekea bosi ombi langu, akakubali, shule nayo ikakubali. Mzigo ule ule, lakini sasa unabebeka.

Saa ya chai nikasimama, mimi huyu, nikawaeleza mafundi wote. Lomayani alisikiliza chapati ikipoa mkononi. "Sasa," akasema, "na mimi nimwambie bosi habari za wangu?" Alimwambia, naye bosi akakubali. Mwanawe yuko darasa la tano leo.

Na wewe! Siku ya matokeo jina lako liliposomwa la kwanza, nilipiga vigelegele kama mama zako, hadi mwalimu mkuu akageuka. Babu yako akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Basi nakuusia hivi: kabla hujamshuku mtu, muulize. Kabla hujakataa zawadi, ujue uzito wake. Ukiona inabebeka, inama uibebe, usiwasikilize wanaocheka njiani.

Ile barua sikuipeleka. Nimeitia ndani ya bahasha hii, uone jinsi aibu ya baba yako ilivyokaribia kukutoa darasani. Mungu akupe mgongo wenye nguvu na mdomo usioogopa kuuliza.

Niandikie, mwanangu, hata mistari minne. Nitaisoma pole pole.

Baba yako