Jina Halimshibishi Mtoto

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mtoto wangu wa kwanza alipolia mpaka sauti ikamkauka. Najua hukuja kwa hayo. Umetoka kwenye mkutano wenu wa kupanga mji huko Milimani na picha za rangi za mtakachojenga, unataka bibi wa mtaa akuchagulie jina jipya la kiwanda cha zamani. Jina nitakupa, sina choyo. Lakini keti kwanza, kunywa chai. Haraka haraka haina baraka.

Miaka hiyo kiwanda hicho cha nguo kilikuwa kimefungwa. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kufuma, na bado kila asubuhi alivaa ovaroli yake akaenda kusimama getini na wenzake, ati huenda leo wakafunguliwa. Nyumbani tulikula tukipata. Mimi nilijipakulia mwisho, na mara nyingi sufuria ilikuwa imeshaisha. Sikumwambia mtu. Mke mgeni, unaishi na mama mkwe, utaanzaje kusema una njaa? Aibu!

Sasa, desturi yetu Wajaluo unaijua. Mtoto akilia asinyamaze, wazee husema kuna marehemu anayetaka mtoto aitwe jina lake. Basi mama mkwe akakusanya akina mama, wakamzunguka mtoto, wakaanza kutaja majina ya waliotangulia. Atieno? Analia. Adhiambo? Analia. Walipofika kwa Awuor, mtoto kimya. Woi, vigelegele! Mama mkwe alicheza, mama yule mzito, hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Usicheke. Mimi mwenyewe nilifurahi hadi machozi, nikajua mtoto amepona.

Jirani yetu Mama Njeri, Mkikuyu aliyeuza maharagwe sokoni, alikuwa amekuja mlangoni kuona kelele ni za nini. Akaingia, akamwinua mtoto mkono. Mkono ukaanguka.

"Huyu hajanyamazishwa na jina," akasema. "Amechoka kulia. Wewe mama yake, jana ulikula nini?"

Nikajifanya namfunika mtoto.

"Si nakuuliza? Mnamwita aliyekufa aje, na huyu mzima mnamwacha aende?"

Nilidhani mama mkwe angemfukuza, maana hakuwa mtu wa kuambiwa. Lakini alinitazama mikono, akanitazama kifua, akaketi sakafuni. "Mbona hukuniambia, mwanangu?" Akainuka kukoroga uji wa wimbi, Mama Njeri akakimbilia maharagwe. Nilikula wakiwa wamenisimamia kama mwizi. Maziwa yangu, yaliyokuwa yamekauka kwa njaa, hayakurudi siku hiyo. Tulimnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, tone kwa tone, na niliogopa kila alipofumba macho. Mungu ni mwema. Awuor ndiye huyo mwalimu aliyekufundisha darasa la kwanza.

Basi nisikilize. Jina si kitu kibaya. Awuor anaitwa Awuor mpaka leo, wala hakuna aliyelifuta. Pakeni rangi, wekeni taa na viti kando ya ziwa, mimi nitakuja kupigwa picha na fimbo yangu. Lakini wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mji ukilia, usikimbilie kuutajia majina. Uliza kwanza umekula nini.

Na kuna jambo limenichoma tangu ulipofungua mdomo. Umesema akina mama wanaokaanga samaki nje ya geti lile wataondolewa ili bustani yenu ipate nafasi, na wapi watakwenda bado hamjajua. Mkutano wa kwanza walipiga kelele, wa pili walinung'unika, na juzi hawakusema neno. Umeniambia kwa furaha kwamba sasa wamekubali.

Mwanangu, wamekubali, au wamechoka?

Nenda ukawaulize. Usiende na picha zako, nenda na masikio. Waambie waonyeshe wenyewe mahali ambapo wakikaanga samaki, mteja atawafikia, kisha uwatetee mkutanoni hata wakubwa wakikukunjia uso. Mkono mtupu haulambwi. Ukirudi na jibu lao, nami nitakupa jina.

Mungu akupe moyo wa kuuliza pale wengine wanapopiga vigelegele, na mji utakaoujenga uwashibishe waliokaa nao ulipokuwa na njaa. Haya, maliza chai yako uende, bado wako pale getini.